Sensa ya Injini: Kutoka Mipira ya Watt Hadi Foleni ya Malaba

Ukitaja neno "sensa" mbele ya Mkenya, wengi watakumbuka makarani waliobisha hodi usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 wakiuliza humu ndani mmelala wangapi. Kaunti ya Busia ilihesabiwa watu 893,681. Lakini ingia gereji yoyote iliyo kando ya barabara ya Malaba, taja neno hilo hilo, na fundi atakuuliza: "Sensa gani? Ya krenki ama ya kemu?"

Maneno haya mawili yameingia Kiswahili kupitia milango tofauti. Mimi kama mtu wa programu naona yanafanana kuliko tunavyodhani. Sensa ya serikali inahesabu watu. Sensa ya krenki inahesabu meno ya gurudumu la chuma linalozunguka ndani ya injini, mamia ya meno kila sekunde, bila kulala na bila posho. Karani akikosea, bajeti inaharibika. Sensa ikikosea, lori la tani nyingi linazimika katikati ya barabara.

Basi ndugu msomaji, leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata. Nataka tuangalie historia ya kifaa hiki kidogo: kimetoka wapi, kimefikaje mpakani Busia na Malaba, na kwa nini kukipima pamoja na nyaya zake ni jambo la muhimu kuliko kukinunua. Hili la mwisho ndilo linalonisukuma kuandika, kwa sababu kuna pesa nyingi zinazopotea kwa kubadilisha vipuri vizima, na waya wenye ugonjwa ukaachwa pale pale ulipo.

KABLA YA WAYA

Haja ya kujua injini inazunguka kwa kasi gani ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1788 James Watt alifunga kwenye injini ya mvuke mtambo wenye mipira miwili ya chuma inayozunguka. Injini ikikimbia, mipira inatawanyika kwenda nje, inavuta wenzo, na wenzo unapunguza mvuke. Injini ikipoa mwendo, mipira inashuka na mvuke unaongezeka. Wazo la mipira hiyo lilikuwa tayari linatumika kwenye vinu vya kusaga nafaka, lakini ni Watt aliyelifikisha kwenye injini.

Angalia vizuri, msomaji. Mtambo ule ulikuwa sensa, kompyuta na mkono wa utendaji, vyote katika kipande kimoja cha chuma. Ulipima, ukaamua, ukatenda. Hapakuwa na waya wa kukatika.

Wazo hilo liliishi muda mrefu sana. Kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kuunda pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, udhibiti wa mwendo uliendelea kutegemea vyuma vinavyotawanyika kwa kuzunguka, na pampu za namna hiyo zilitawala malori kwa miongo mingi iliyofuata. Malori yaliyopanda kutoka Mombasa kwenda Kampala miaka ya 1970 na 1980 yalikuwa hivyo: dizeli, hewa, na gavana ya chuma ndani ya pampu. Mafundi wa zama hizo walipima kwa sikio. Aliweka mkono juu ya tapeti, akasikiliza mlio, akageuza skrubu kidogo, kazi ikaisha.

Upande wa petroli hali ilikuwa karibu na hiyo. Chukua Peugeot 504, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na likawabeba abiria wengi wa safari ndefu hapa kwetu. Ndani ya distributa yake mlikuwa na platini, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vikiachana, cheche inatoka. Platini zikichoka, dereva anazipiga msasa kando ya barabara na safari inaendelea. Kwa lugha ya programu, ile ilikuwa swichi tu: moja, sufuri, moja, sufuri.

SUMAKU INAANZA KUHESABU

Sayansi ya sensa ilikuwepo tayari, ikisubiri kazi. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya huo. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall akagundua jambo jingine: ukipitisha umeme kwenye kipande chembamba cha metali kilicho ndani ya nguvu ya sumaku, volti ndogo inatokea pembeni mwa kipande hicho.

Watu hawa wawili ndio mababu wa sensa zote mbili utakazokuta chini ya boneti leo.

Ya Faraday ina nyaya mbili. Ndani yake mna sumaku na koili, basi. Jino la chuma likipita mbele yake, nguvu ya sumaku inabadilika na koili inatoa wimbi la umeme. Haihitaji kulishwa umeme, inauzalisha yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba injini ikizunguka polepole, wimbi linakuwa dogo sana.

Ya Hall kwa kawaida ina nyaya tatu: mmoja wa kuilisha, mmoja wa arthi, mmoja wa ishara. Yenyewe haijali kasi. Inatoa ishara safi, juu au chini, hata gurudumu likitambaa kama kobe.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1979, wakati Bosch ilipotoa mfumo wa Motronic kwenye BMW 732i. Hapo kompyuta moja ilishika mafuta na cheche kwa pamoja, na ili ifanye hivyo ilibidi ijue krenki iko wapi kila wakati. Sikio la fundi lilipata mpinzani.

Kwa wenzangu wa programu, hapa ndipo utamu ulipo. Mpango mmoja uliosambaa sana unaitwa 60 toa 2. Gurudumu limegawanywa nafasi 60, kila moja nyuzi 6, lakini meno mawili yameachwa makusudi. Kwa hiyo yapo meno 58 na pengo moja. Injini ikiwa silensa kwenye mizunguko 600 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde, yaani meno 580 yanapita mbele ya sensa kila sekunde. Kompyuta inapima muda kati ya jino na jino. Muda huo ukirefuka ghafla mara tatu, inajua: hili ni pengo, tumefika mwanzo wa mzunguko. Kutoka hapo inahesabu meno na kujua pembe ya krenki. Injini nyingi za Toyota zinatumia wazo hilo hilo kwa hesabu nyingine, 36 toa 2.

Sasa fikiria waya umechubuka na ishara inaruka. Jino moja halikuonekana. Kompyuta inaona pengo mahali pasipo na pengo. Hesabu yote inavurugika, na kompyuta yenye busara inaamua jambo moja tu: kukata mafuta. Haitaki kuchoma silinda ambayo haijui iko wapi. Ndiyo maana injini yenye sensa mbovu mara nyingi haikohoi wala haitoi moshi. Inazimika tu, kama taa.

BUSIA NA BODA BODA

Kabla hatujafika kwenye malori, tusimame kidogo Busia, kwa sababu mji huu una haki yake katika hadithi hii.

Neno "boda boda" lilizaliwa hapa. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliwabeba watu na mizigo katika nafasi iliyo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, mpaka hadi mpaka. Baadaye baiskeli ikapisha pikipiki, hasa baada ya serikali ya Kenya kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008.

Ukifungua pikipiki ya kawaida ya boda boda, pembeni mwa sumaku ya injini utakuta koili ndogo yenye waya mmoja au miwili. Hiyo ndiyo sensa ya mzunguko katika umbo lake la kimaskini kabisa. Jino moja likipita, koili inatoa pigo, na kisanduku cha CDI kinajua ni wakati wa kutoa cheche. Jino moja kwa mzunguko, pigo moja, cheche moja. Huhitaji kompyuta wala msimbo. Kijana anayetaka kujifunza kupima sensa ya lori la mamilioni anaweza kuanza na koili ya boda boda kwa multimita ya bei ya chakula cha mchana. Kanuni ni moja.

KOMPYUTA INAPANDA KWENYE LORI

Upande wa dizeli mabadiliko yalichelewa, lakini yalipokuja yalikuja kwa kishindo. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani iliingiza kwenye malori ya Hino mfumo wa kwanza sokoni wa reli moja ya mafuta yenye shinikizo kubwa, injekta zikifunguliwa kwa umeme. Mwaka 1996 Mercedes-Benz ikazindua Actros, lori lililojaa elektroniki. Malori ya namna hii yalipozeeka Ulaya, mengi yaliuzwa na kusafirishwa huku, na leo hutakosa kuyaona kwenye msafara wa kuelekea Malaba.

Wakati huo huo vifaa ndani ya gari vilianza kuzungumza. Bosch ilitangaza mtandao wa CAN mwaka 1986: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kompyuta zote za gari zikisikiliza kwenye nyaya hizo. Malori yakapata lugha yao juu ya CAN, inayoitwa J1939. Ndani ya lugha hiyo kasi ya injini inasafiri kama namba ya baiti mbili, na kila moja ni sawa na 0.125 ya mzunguko kwa dakika. Ukiona 6,400 kwenye waya, injini iko kwenye 800. Kwenye magari madogo yenye OBD hesabu ni tofauti kidogo: unachukua baiti ya kwanza mara 256, unaongeza ya pili, unagawa kwa 4. Baiti zikiwa 12 na 128, jibu ni 800 vilevile.

Na magari madogo nayo yanapita hapa kwa wingi. Magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa kwa ajili ya Uganda huendeshwa hadi Busia na Malaba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi. Maana yake ni kwamba karibu kila gari jipya barabarani kwetu ni la zama za kompyuta. Platini haipo tena. Msasa hausaidii.

Hapa Kenya kuna tukio jingine lililoongeza nyaya ndani ya magari. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni kupitia Tangazo la Kisheria namba 161 la mwaka 2003, na kuanzia tarehe 1 Februari 2004 matatu na magari makubwa ya biashara yakalazimika kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Wasafiri wa enzi zile wanakumbuka: matatu zilitoweka barabarani kwa siku kadhaa zikisubiri kufungwa vifaa na mikanda.

Tusichanganye mambo. Kidhibiti mwendo kinataka kujua kasi ya gari, ambayo kwa kawaida inasomwa kwenye gia boksi au magurudumu. Sensa ya krenki inasoma kasi ya injini. Gari linaweza kusimama huku injini inanguruma. Lakini kwa mtu anayetafuta kosa vinakutana mahali pamoja: kila kifaa kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani kimeunganishwa na mtu aliyekata waya, akausokota na kuufunga kwa tepu. Kidhibiti mwendo, kifaa cha kufuatilia gari, kengele ya wezi, redio. Ukitafuta waya mgonjwa, anza na sehemu ambazo mikono ya watu imepita.

KWA NINI MPAKANI INAUMA ZAIDI

Busia na Malaba ni milango miwili ya kaunti moja. Anayepitia Kisumu anatokea Busia. Anayepitia Eldoret, Webuye na Bungoma anatokea Malaba, ambako pia reli inavuka kwenda Uganda, reli iliyofika Kampala mwaka 1931. Mafuta, saruji, ngano na makontena ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo yanapita katika milango hii.

Foleni ya lori ni mateso ya aina yake kwa injini na nyaya. Washa, sogea mita kumi, zima. Washa tena. Joto la injini halipati upepo wa kulipoza, na sensa iliyobanwa jirani na flaiwili inaiva pale pale. Koili yenye ufa mwembamba kama unywele inafanya kazi asubuhi, inakatika saa nane mchana, na inapona jioni. Dereva anasema gari lina pepo. Halina pepo. Waya ukipata joto unatanuka, na ufa unafunguka.

Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipolazimika kusubiri majibu ya vipimo, foleni ya Malaba ilinyooka makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Januari 2022 ikajirudia baada ya Uganda kuwataka madereva wapimwe tena kwa malipo. Fikiria kuzimikiwa na lori katikati ya msururu ule, nyuma yako wenzako wakipiga honi, chakula kimeisha, na fundi anasema "tubadilishe kompyuta".

Hali imekuwa nafuu baada ya vituo vya pamoja vya mpaka. Cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Lori linakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini kasi hiyo imeleta jambo jipya. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa sili za kielektroniki. Sili inatuma mahali lori lilipo, na ikikaa mahali pasipotarajiwa, kituo cha ufuatiliaji kinapata tahadhari. Kwa hiyo sensa ikifa pale njiani, tatizo linaacha kuwa la fundi peke yake. Dereva anapaswa kueleza kwa nini mzigo wa watu umesimama porini. Na ikiwa ni usiku, lori lisilo na taa barabarani ni mauti kwa anayekuja nyuma. Hivyo ndivyo waya mwembamba unavyogeuka kuwa suala la forodha na la uhai.

MSIMBO HAUSEMI "NUNUA"

Mwaka 1996 Marekani ililazimisha magari yote mapya madogo yawe na OBD ya pili, soketi moja na lugha inayofanana. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na ya dizeli miaka michache baadaye. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakubanwa na sheria hiyo kwa namna ile ile, ndiyo maana kifaa chako wakati mwingine kinakataa kuzungumza na gari lililotoka huko.

Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu navyo vina hadithi. Kampuni ya Elm Electronics ya Kanada ilitengeneza chipu ya ELM327, na toleo la kwanza halikuwekewa kinga ya kunakiliwa. Viwanda vikainakili, nakala zikajaa dunia nzima. Kampuni yenyewe ilifunga shughuli mwaka 2022, lakini watoto wake wa nje ya ndoa wangali mifukoni mwa mafundi. Tahadhari moja: malori mengi yana umeme wa volti 24, na nakala hafifu iliyoundwa kwa volti 12 inaweza kuungua. Hakikisha kwanza.

Kifaa kikisoma P0335, au kwenye lori kikasoma SPN 636, watu wengi wanasikia "sensa imekufa". Sivyo. P0335 inasema kuna hitilafu katika sakiti ya sensa ya krenki. Sakiti ni sensa, plagi, nyaya, arthi na mlango wa kompyuta. Ni kama programu ikikuambia "imeshindwa kuunganisha hifadhidata". Huendi kununua seva mpya. Kwanza unaangalia kebo.

TWENDE KAZINI: KUPIMA

Hii ndiyo njia ninayoiona ya mantiki, kutoka lisilo na gharama hadi lenye gharama. Vipimo kamili vya gari lako viko kwenye kitabu chake. Ninachotoa hapa ni utaratibu. Usalama kwanza: zuia magurudumu, gia iwe huru, vuta breki ya mkono, na nguo zisikaribie mikanda.

1. Pima betri. Stata ikizungusha polepole, sensa ya nyaya mbili inatoa wimbi dogo mno na kompyuta hailioni. Sensa nzima inaweza kuhukumiwa kwa kosa la betri.

2. Tazama mshale wa mizunguko wakati stata inazungusha. Katika magari mengi ukitikisika kidogo, kuna ishara inayofika. Ukilala kabisa, shuku sakiti. Kama una kifaa cha kusoma, tazama namba yenyewe.

3. Tumia macho. Plagi ina oili? Kuna kutu ya kijani? Waya umelalia bomba la moto? Panya wameutafuna? Toa sensa uangalie ncha yake: sumaku hukusanya unga wa chuma, na ndevu hizo zinavuruga ishara. Nafasi kati ya ncha na jino ni ndogo sana, karibu milimita moja katika injini nyingi. Ikizidi, ishara inafifia.

4. Sensa ya nyaya mbili: zima swichi, toa plagi, pima ukinzani kati ya pini mbili. Nyingi ziko kati ya mia kadhaa na elfu moja na kitu za omu. Ukipata sufuri, koili imejifunga; ukipata isiyo na mwisho, imekatika. Kisha pima kati ya pini na bodi ya sensa: hapo pasiwe na njia kabisa. Halafu weka multimita kwenye volti za AC na mwenzako azungushe stata. Lazima uone volti zikitokea, na ziongezeke kasi ikiongezeka.

5. Sensa ya nyaya tatu: usipime omu, hazitakuambia kitu. Washa swichi, pima kwenye plagi ya upande wa gari: je, umeme wa kulisha unafika, volti 5 au nyingine kulingana na gari? Arthi ni nzuri? Kisha rudisha plagi, pima waya wa ishara huku injini ikizungushwa kwa mkono polepole: uruke juu na chini.

6. Sasa nyaya. Hapa ndipo wengi wanaruka. Toa betri, chomoa plagi ya sensa na plagi ya kompyuta, zote mbili. Pima kila waya kutoka mwisho hadi mwisho: iwe chini ya omu chache. Pima kati ya waya na waya: pasiwe na njia. Pima kati ya kila waya na bodi: pasiwe na njia. Ukipima bila kuchomoa upande wa kompyuta, unapima waya pamoja na kompyuta, na namba itakudanganya. Usisukume ncha nene ya multimita ndani ya pini, utaitanua na kutengeneza ugonjwa mpya.

7. Tikisa. Huku ukitazama multimita, pinda na vuta waya kipande kwa kipande, hasa karibu na plagi na mahali palipofungwa tepu. Namba ikiruka, umeupata.

8. Pima wakati ugonjwa upo. Kama gari linazimika likiwa moto, vipimo vya asubuhi havina maana. Litakapozima, pima hapo hapo kabla halijapoa.

9. Ukiunganisha waya, uheshimu ulivyoumbwa. Nyaya zilizosokotwa pamoja zisokotwe tena, na gamba la kuzuia kelele za umeme liunganishwe arthi upande mmoja tu, kama kiwanda kilivyofanya. Usibadilishane nyaya mbili za sensa ya koili: wimbi linageuka kichwa chini, na kompyuta inaweza kuhesabu vibaya ingawa kila kipimo cha omu kiko sawa.

Kwenye malori yenye J1939 ongeza moja: gari likiwa limezimwa, pima kati ya nyaya mbili za CAN. Omu 60 ni afya, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, upande mmoja umepotea. Hapo injini inaweza kuwa nzima na bado mshale usisogee.

MWISHO WA YOTE

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sensa ya zamani iliyotoka na gari, ambayo imepimwa na kuonekana nzima, ni mbachao. Ile mpya ya bei rahisi isiyo na jina ni msala unaopita. Wengi wanatupa ya kwanza wakafunga ya pili, na baada ya wiki gari linazima tena kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye waya sentimita ishirini kutoka hapo.

Historia niliyoieleza ina mwelekeo mmoja. Kutoka mipira ya Watt hadi 60 toa 2, ujuzi umehama kutoka kwenye chuma ambacho kila mtu anaweza kukiona, ukaingia kwenye namba ambazo ni wachache wanaozisoma. Fundi wa platini alikuwa na kila alichohitaji mkononi. Fundi wa leo mpakani anaweza kuwa na mikono ile ile na akili ile ile, lakini akikosa multimita na maana ya namba anabaki kubahatisha kwa pesa za mwenye gari. Pengo hilo halizibwi na mashine ya bei kubwa. Linazibwa na mtu kuelewa kwamba sensa ni karani, waya ni barabara ya karani, na kompyuta inaamini anachoambiwa. Karani akileta hesabu mbovu, kabla ya kumfukuza kazi, kagua kwanza barabara aliyopita.

Ni hayo tu kwa leo. Chukua multimita, anza na boda boda ya jirani, kwa ruhusa yake.